Tembo wa Mtaa wa Kisutu

Sisi watu wa Sibwesa hatumshangai tembo. Tunamwogopa, tunampigia madebe usiku atoke shambani, na asubuhi tunamlaani huku tukihesabu mahindi aliyoyakanyaga. Kumshangaa, hapana. Ndiyo maana nilijicheka nilipojikuta nimesimama katikati ya Mtaa wa Kisutu, jijini Dar es Salaam, bajaji zinanipigia honi mbele na nyuma, nimemkodolea macho tembo mmoja asiyezidi urefu wa mkono wangu. Alikuwa amekaa kitako juu ya mlango wa hekalu la Wahindi, miguu ameikunja kama mzee wa baraza, kitambi mbele, panya kachutama pembeni yake.

Sikuwa nimekuja mjini kutembelea mahekalu. Wenzangu ambao tuna mashine moja ya kukoboa mpunga walinichangia nauli nikatafute mkanda na bushi za injini. Injini yetu ina kibati kilichoandikwa Rajkot, mji wa jimbo la Gujarat huko India, na fundi wa Mpanda alikwisha kunionya: cha Rajkot kiulize kwa Wahindi, usijizungushe. Nikashuka kwenye mwendokasi kituo cha Kisutu, nikaulizia duka kwa duka, na kabla ya saa saba mzigo wangu ulikuwa begani ukinuka grisi. Safari ya kurudi ilikuwa kesho yake. Nikabaki na mchana mzima usio na kazi.

Kisutu, kwa msikilizaji wa redio, ni mahakama. Kwa mama wa pwani ni kanga ya harusi, ile ya wekundu, weusi na weupe. Kwa mwenye njaa ni soko la kuku na mboga. Mimi sikuwa nimesikia kwamba ni mtaa wa miungu pia, lakini ndivyo ulivyo: mahekalu yamejipanga mtaa mmoja, hili la Wasanatani, lile la Waswaminarayan, yamebanwa na maghorofa ya kupangisha, na chini yake vibanda vya chaja za simu na wauza machungwa. Adhana ikilia misikiti ya jirani, kengele za Kisutu nazo hazinyamazi. Mtaa wenyewe hauna adabu ya kumngoja mtu atazame. Ukisimama, unasukumwa.

Ndani ya lango alikaa mzee wa Kihindi kwenye kiti cha plastiki, gazeti la Kiswahili mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Unatafuta mtu?"

"Hapana, namtazama tembo."

Akainua macho, akanipima mimi na mzigo wangu wa grisi. "Basi ingia umtazame vizuri. Viatu acha hapo, mzigo wako nitaulinda. Umetoka wapi?"

"Sibwesa."

"Sibwesa ndiyo wapi?"

"Mpanda, upande wa Karema, ziwani."

"Oho! Mpanda," akasema, kama mtu anayetaja nyota.

Nikavua viatu. Sakafu ya vigae ilikuwa baridi, na baada ya jua la barabarani ile baridi ilinipanda hadi magotini. Juu ya kizingiti inaning'inia kengele ya shaba. Aingiaye huigonga mara moja, kama mtu anayepiga hodi. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia ubani na kengele za mapadri wa Karema, kwa hiyo vitu hivyo viwili havikunitisha. Kilichonitia wasiwasi ni macho. Kila upande nilipogeuka palikuwa na sanamu iliyovishwa nguo za hariri na shada la maua, na kila moja inakutazama wewe, haitazami juu mbinguni kama watakatifu wetu.

Tembo alikuwapo na humo ndani, mkubwa zaidi, wa marumaru. Mikono minne. Mmoja umeshika kishoka, mwingine umebeba andazi la mviringo ambalo baadaye nilikuja kuambiwa ni ladu. Nilipomkaribia nikaona jambo ambalo mtu wa kwetu haliwezi kumpita: pembe yake moja ilikuwa imekatika.

"Huyu alipatwa na majangili?" nikamuuliza mzee. Nilidhani ninatania.

"Aliikata mwenyewe," akajibu, bila kutania. Akanieleza. Jina lake ni Ganesh, mwana wa Shiva na Parvati, mwenye kufungua njia. Hakuna safari, harusi wala duka linaloanza kabla hajatajwa. Hapo kale mwenye hekima mmoja, Vyasa, alikuwa na kisa kirefu mno cha vita vya ndugu kwa ndugu, ndicho kitabu cha Mahabharata, akahitaji mtu wa kukiandika. Ganesh akakubali kwa sharti kwamba msimuliaji asipumzike hata kidogo. Katikati ya kazi kalamu ikavunjika. Asingeweza kumsimamisha mwenzake, basi akakata pembe yake, akaichovya wino, akaendelea.

"Kwa hiyo ni karani," nikasema.

"Karani, naam. Ndiyo maana kitabu cha hesabu, ukurasa wa kwanza, juu kabisa, linaandikwa jina lake."

Hapo nikamwambia kwamba tembo wa kwao aliwahi kufika kwetu. Hakuniamini. Nilimsimulia kwa mkato, nimesimama peku, watu wakitupita na sahani za maua. Hapa naiandika kwa urefu, maana habari ya tembo yule haieleweki bila habari ya kitabu cha hesabu.

Wahindi wa dini hii ya Kihindu ni wageni wa zamani sana wa pwani yetu. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi alizikuta merikebu za India zimemtangulia. Mmoja wa watu wake aliandika kwamba mabaharia wale walikuwa na ndevu ndefu na nywele za kusuka, na walipoonyeshwa sanamu ya Bikira Maria na mwanawe walisujudu. Wareno wakafurahi: kumbe huku kuna Wakristo! Wakawasikia hata wakilitaja jina la Kristo kwa sauti kuu. Wanahistoria wengi wanaona kwamba lililotajwa ni Krishna. Mwandishi yuleyule anasema Wahindi wale walimwambia hawali nyama ya ng'ombe, na bado hakushtuka. Mvulana yeyote wa Malindi angemfumbua macho kama angeulizwa.

Pwani waliitwa Banyani. Wengi walitoka Gujarat na Kutch, wakipanda majahazi bandari ya Mandvi, kaskazi ikiwaleta, kusi ikiwarudisha. Kwa muda mrefu walikuja bila wake, kwa kuwa mila yao iliona kuvuka bahari kunamtia mtu najisi, na mwanamke hakupaswa kabisa. Hawakuhitaji jengo ili waabudu. Rafu moja ukutani, picha, taa ya samli na maji safi vinatosha. Hekalu huja baadaye, watu wakishakuwa na watoto wa kufundisha na wazee wa kuzika, au niseme wa kuchoma, maana wao huchoma maiti zao.

Sayyid Said alipoufanya mji wa Unguja kuwa kiti chake, hakuwasumbua katika dini yao, na wao wakamshikia hazina. Kuanzia miaka ya 1830, kwa sehemu kubwa ya nusu karne iliyofuata, ushuru wa forodha wa Unguja na mrima ulikodishwa kwa nyumba moja ya biashara, ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch. Sultani alipokea fungu lake kila mwaka. Kilichozidi kilikuwa cha Jairam. Mkataba ambao Sayyid Said aliutia saini na Wamarekani mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5, na aliyekaa pale forodhani kuzihesabu hizo tano alikuwa karani wa Kibanyani. Konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika 1837, alielewa upesi kuwa bila Jairam hapati mzigo. Wakafanya biashara pamoja.

Mzigo wenyewe tunaujua hata sisi wa bara ya mbali: merikani, kitambaa cheupe cha viwanda vya Massachusetts, na kaniki, kitambaa kilichotiwa nili huko India. Bibi yangu alizikwa na kaniki. Hakuwahi kuiona bahari, wala kumwona Banyani, lakini alijua kuitofautisha kaniki nzuri na mbaya kwa kuinusa.

Njia ya kaniki kutufikia ilikuwa deni. Mfanyabiashara wa Kiarabu au wa Kiswahili hakuwa na fedha ya kununua vitambaa, shanga na nyaya za shaba za kutosha safari ya miaka miwili. Alikwenda kwa Banyani, akapewa mali kwa mkopo, ikaandikwa kwa Kigujarati kwenye daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu, kisha akavuka kwenda Bagamoyo kuwatafuta wapagazi wa Kinyamwezi. Tabora, Ujiji, nchi ya Wabende na Wafipa, hadi ng'ambo ya ziwa Manyema. Malipo yalikuwa pembe. Zilipimwa kwa frasila, ratili 35 kila moja, na mpagazi hodari alibeba frasila mbili begani. Aliyerudi na pembe chache kuliko deni lake alirudi tena bara, na wengine hawakurudi pwani kabisa, wakaoa hukohuko na kuzeeka wakilikimbia daftari. Nusu ya koo za waungwana wa Tabora na Ujiji, ukizichokonoa vizuri, utakuta babu aliyekuwa anadaiwa.

Msemo wa Baniani mbaya kiatu chake dawa umezaliwa humo. Watu huutumia kama tusi. Mimi nausikia kama malalamiko ya mdaiwa aliyejua fika kwamba kesho asubuhi atagonga mlango uleule.

Kisa kimoja cha Kaole, jirani na Bagamoyo, nakipenda kupita vyote. Mwaka 1857 mpelelezi wa Kiingereza Richard Burton na mwenzake Speke walikuwa wanajiandaa kwenda kulitafuta ziwa letu. Msimamizi wa forodha, Ladha Damji, alikuwapo, pamoja na karani wake Ramji, wakiorodhesha gharama za safari. Ladha akamuuliza Ramji kwa Kikutchi kama Mzungu huyu atafika Ujiji. Ramji akasema hawezi. Yeye ni nani hata apenye Ugogo? Hawakujua kwamba Burton aliwahi kutumikia jeshi huko Sindh na lugha ile anaisikia. Akanyamaza, akaandika. Siku ya 134 tangu kuanza safari aliingia Tabora, na Februari 1858 akayaona maji ya Tanganyika. Lakini tumtendee haki Ramji. Alisema kwa uzoefu wa daftari: alikwisha kuona majina mengi yanaingia Ugogo na kutofutwa.

Ramji huyo aliwakodisha kwa Burton watumwa wake kumi wawe walinzi na wakalimani. Msafara wote ukawaita wana wa Ramji. Hapa sitapita kwa kunyata. Daftari jekundu liliandika pembe, na liliandika watu pia. Wahindi wengi wa Unguja walikuwa na watumwa, na wengine walikopesha mali wakijua itarudi kwa miguu, imefungwa minyororo. Mwaka 1860 konsuli wa Uingereza, Rigby, akishikilia kwamba hao ni raia wa India ya Waingereza, aliwaachisha watumwa kwa maelfu. Leo mtaa wa Hurumzi, Mji Mkongwe, kuna hekalu la Shiv Shakti lenye mnara wa rangi, na jina la mtaa wenyewe wenyeji hulihusisha na watumwa waliopewa uhuru katika jumba moja hapohapo. Ukisimama darini unaviona vyote viwili kwa mtupo mmoja wa macho.

Na pembe zilikwenda wapi? Nyingine Ulaya na Marekani, zikawa meno ya piano na mipira ya biliadi. Nyingine zilipanda jahazi kwenda Bombay na Kutch, zikachongwa bangili. Bi harusi wa Kigujarati alivaa bangili za pembe mkononi, mwenye nacho hadi kiwikoni. Mimi huwaza: tembo aliyeangushwa mbuga za Katavi, akabebwa miezi na vijana wa Kinyamwezi wanaoimba, akaishia mkononi mwa msichana anayesujudu mbele ya mungu mwenye kichwa cha tembo. Nilimuuliza mzee wa Kisutu kama jambo hilo halikuwasumbua watu wa kwao. Akafikiri kidogo. "Bibi yangu alikuwa nazo," akasema. "Hakuna aliyemwambia zimetoka wapi." Akaongeza kwamba mabinti siku hizi huvaa za plastiki.

Sasa tembo wa Karema. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa ameanzisha jumuiya aliyoiita ya kimataifa kwa ajili ya Afrika, na Agosti 1879 Kapteni Cambier alifungua kituo chake cha kwanza Karema, ufukweni kwetu. Shida ilikuwa mizigo. Wapagazi walikuwa ghali, wanagoma, wanatoroka. Mtu akamshauri mfalme: walete tembo wa India, wanaofugika, wabebe mizigo, na wakishazoea wasaidie kuwakamata na kuwafunza tembo wa Afrika. Mwailandi mmoja, Carter, akapewa kazi hiyo. Katikati ya mwaka 1879, kabla kituo hakijafunguliwa, meli iliyotoka India ilisimama nje ya Msasani, hapa Dar es Salaam, ikiwa na tembo wanne na wachungaji wao wa Kihindi. Hakukuwa na gati, wala kreni ya maana. Tembo walishushwa majini, wakaogelea hadi nchi kavu. Ningetoa mkanda wa injini na bushi zake nione nyuso za wavuvi wa Msasani asubuhi ile.

Majina yao yamehifadhiwa: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Walipanda bara kupitia Mpwapwa na Ugogo, wamebebeshwa mizigo mizito mno, wanakula majani wasiyoyajua. Mmoja baada ya mwingine wakaanguka njiani. Desemba 1879 aliingia Karema Pulmalla peke yake.

Wazee wa kwetu hawakuwa wageni wa tembo, nimekwisha kusema. Lakini tembo mwenye masikio madogo, anayepiga magoti akiambiwa, amepandwa shingoni na mtu anayezungumza naye kwa lugha yake! Kwa Wabende, mnyama mkubwa hana bwana ila Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake hukaa katika mkwaju kando ya ziwa Katavi, na wawindaji huweka sadaka shinani kabla ya kuingia porini. Mchungaji wa Kihindi naye, kwa desturi ya kazi yake, hamtandiki tembo bila kumtaja Ganesh. Nafikiri hawa wawili, kama wangekaa moto mmoja jioni, wangeelewana kabla ya Carter kumaliza kufungua masanduku yake.

Pulmalla hakuishi sana. Carter naye, akiwa njiani kurudi pwani kuchukua tembo wengine, aliuawa Juni 1880 huko Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead. Vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, ndivyo vilivyowameza. Leopold akaachana na tembo. Mwaka 1885 kituo cha Karema kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, na ndiyo sababu mimi ni Mkatoliki.

Mzee alinisikiliza kimya, gazeti limemwanguka sakafuni bila kujua. "Pulmalla," akarudia, akilisahihisha jina kwa matamshi ya kwao ambayo siwezi kuyaandika. "Hilo ni jina zuri. Lina maua ndani yake."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Dar es Salaam, aliyoianza Sultani Majid katika miaka ya 1860 kisha ikasinzia, Wajerumani wakaifanya makao makuu mwaka 1891. Wahindi wakahamia kutoka Unguja na Bagamoyo, wakajaza mitaa iliyokuja kuitwa Uhindini. Fedha ya serikali ikawa rupia, kwa kuwa pwani yote ilikwisha kuzoea rupia ya India. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Duka likafuata reli, neno na kitu chenyewe: duka, pesa, laki, hundi, gari, bima, chapati, yote tumeyapokea kaunta moja. Vita ilipowabana Wajerumani wakakosa sarafu, mwaka 1916 walifua dhahabu kwenye karakana ya reli ya Tabora, sarafu za rupia 15, na juu yake wakachora tembo amenyanyua mkonga. Siwasingizii kwamba walimfikiria Ganesh. Ila Mhindi mwenye duka Tabora aliyepokea sarafu ile bila shaka aliitazama mara mbili.

Kwetu reli ilichelewa. Ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa sababu ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa baadaye, treni ikabaki, na hadi leo wa Mpanda akisema anakwenda mjini, kwanza anakwenda stesheni.

Kisha Azimio la Arusha, 1967, na nyumba kubwa za biashara ya nje zikawa za umma. Aprili 1971 ikapita sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mitaa kama hii ya Kisutu ikabadili wenye nyumba kwa usiku mmoja, na familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza na Canada. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ushirika uuze. Hiyo naikumbuka mwenyewe nikiwa mtoto: duka la kijiji lenye rafu ndefu, juu yake chumvi, viberiti, na siku za neema kanga mbili ambazo ziligombewa na kaya mia. Niliyaona ya kijijini. Ya mjini ananisimulia mzee.

"Tulipoteza nyumba mbili," akasema. Hakulalamika, alisema kama mtu anayesoma mistari ya daftari. "Kaka zangu wakaenda Leicester. Mimi baba alisema, nani atawasha taa hapa? Nikabaki kuwasha taa."

Nikamuuliza habari za daftari jekundu, kama bado lipo. Akaniambia nirudi Diwali nijionee. Usiku huo wafanyabiashara huleta vitabu vipya vya hesabu, vikawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa neema, na Ganesh pembeni yake. Ukurasa wa kwanza huandikwa jina, alama za heri, na tarehe ya Samvat, kalenda yao inayoitangulia yetu kwa miaka 56 au 57. Siku hizi vijana huleta kompyuta, kuhani naye huipaka alama nyekundu juu ya kifuniko kama kitabu kingine chochote.

"Na madeni ya zamani?" nikauliza.

"Yanahamishiwa kitabu kipya," akasema. "Deni halifutwi na Diwali."

Saa za jioni zikatukuta hapohapo. Maduka ya mtaani yalianza kushusha milango ya chuma, na watu wakaingia kwa wingi: mama wa makamo na mfuko wa nyanya kutoka sokoni, vijana wa benki na vitambulisho shingoni, mtoto wa shule aliyevalia sare. Kuhani akawasha tambi za samli kwenye taa ya shaba yenye matawi, akaanza kuizungusha mbele ya sanamu, kengele zikalia zote kwa pamoja na wimbo ukapanda. Kafuri ikaniingia puani hadi machozi yakanitoka, na yule mtoto wa shule akadhani nalia, akanisogelea kunitazama. Taa ikapitishwa kwa watu. Kila mtu akaupitisha mkono juu ya moto na kujigusa usoni. Ilipofika kwangu nilisita; mzee akaipitisha taa polepole mbele yangu bila kunilazimisha kitu, ikaenda kwa mwingine. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona kondakta wa daladala amening'inia, naye anatutazama sisi.

Wakati wa kuvaa viatu mzee akaniuliza, "Tembo bado wapo kwenu?"

Nilimweleza ukweli. Hifadhi ya Katavi ipo tangu 1974, kilomita za mraba 4,471, na tembo wamo. Lakini sensa za angani za nchi nzima zilihesabu tembo zaidi ya laki moja mwaka 2009, na mwaka 2014 zikahesabu kama 43,000 tu. Daftari la pembe lilikuwa limefunguliwa tena, safari hii kwa wanunuzi wengine. Sasa wanaongezeka taratibu, na wanaopita kati ya Katavi na Mahale hukatisha mashamba yetu. Mwaka jana walimaliza ekari yangu moja na robo ya mahindi usiku mmoja.

"Yote?"

"Walibakiza mabua."

Akacheka mpaka akashika mlango. Akaingia ndani, akarudi na ladu nne zimefungwa kwenye ukurasa wa gazeti lake. "Mbili zako," akasema, "mbili za wale waliokula shamba. Wanapenda tamu."

Ladu hazikufika Sibwesa. Baada ya Urambo, joto likiwa limetubana ndani ya behewa, mama mmoja aliyekaa mkabala nami na kuku wake wawili aliuliza nimefunga nini kinachotoa mafuta vile kwenye gazeti. Nikafungua. Akaonja kipande, akampa mjukuu wake kingine, akaramba vidole.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwa Wahindi, Kisutu. Ni ya tembo."

Akanitazama, akamtazama mjukuu wake, akatazama nje. "Tamu," akasema baada ya muda. "Ila wamezidisha iliki."